Saa Milioni Moja na Nusu za Nani?

Wahenga walituachia usemi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nataka kuuongezea usemi huo swali moja. Je, daftari lenyewe likipotea, habari tutaipata kwa nani?

Siulizi bure. Mtaani kwetu kipo chama kidogo cha kuweka na kukopa. Wanachama wake ni mama lishe, mafundi cherehani, madereva wa daladala na wastaafu wachache, nami nikiwamo. Kwa miaka mingi hesabu zetu zilikaa katika kaunta buku nene zenye jalada gumu. Kisha tukaamua kwenda na wakati. Mweka hazina wetu, mwalimu mstaafu mwenye mwandiko mzuri na hesabu nzuri zaidi, akanunua kompyuta. Ndani yake mlikuwa na diski ya kisasa, zile ziitwazo SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka wala sindano inayosoma. Ni chipu tupu.

Mwalimu ni mtu wa kusoma kila kilichoandikwa. Katika karatasi ya ile diski alikuta herufi nne, MTBF, na mbele yake saa 1,500,000. Akauliza, akaambiwa maana yake ni wastani wa muda kati ya hitilafu moja na nyingine. Akachukua kalamu. Mwaka una saa 8,760. Akagawanya, akapata miaka 171. Mkutanoni akatutangazia, huku akicheka, kwamba wajukuu wa wajukuu wetu watakopa na kulipa, na diski ile itakuwa ingali inadunda.

Ilidunda miezi 14. Asubuhi moja Mwalimu aliwasha kompyuta, nayo ikamwambia kwamba haioni diski yoyote. Hapakuwa na mlio, wala harufu ya kuungua, wala onyo la siku moja kabla. Akiba zetu na mikopo yetu vilikuwa humo, na nakala ya mwisho aliyokuwa ameitoa ilikuwa ya miezi 5 nyuma.

Sitataja duka wala kampuni, na sababu yangu ni hii: nimechunguza nikaona kwamba hapakuwa na aliyesema uongo. Namba ile ilikuwa namba halali, iliyopatikana kwa njia zinazokubaliwa duniani. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba ni namba yetu. Basi leo naomba tuisimulie historia ya namba hiyo, tujue ilizaliwa wapi, ilikua vipi, na inamzungumzia nani hasa.

Tuanze mbali, mwaka 1693. Mnajimu wa Kiingereza, Edmond Halley, yule ambaye nyota maarufu yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichapisha jedwali la vifo. Hakuwa akitazama mbingu safari hii. Alikuwa akitazama mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław katika nchi ya Poland. Mchungaji mmoja wa mji ule, Caspar Neumann, alikuwa amekusanya kumbukumbu za waliozaliwa na waliokufa, pamoja na umri wao. Halley akaona kwamba kwa wastani walizaliwa watoto 1,238 kila mwaka, na kati yao 348 hawakutimiza mwaka wa kwanza. Akaendelea hivyo umri kwa umri, mpaka akaweza kusema mtu mwenye miaka 20 ana nafasi gani ya kufika 40, na hivyo mtu anayenunua malipo ya maisha alipe bei gani.

Majedwali ya namna hiyo ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa biashara ya bima kwa mahesabu badala ya kubahatisha. Lakini angalieni jambo moja. Jedwali la Halley liliweza kutabiri kwa ukaribu ni watoto wangapi watakufa Breslau mwaka ujao. Halikuweza kumwambia mama yeyote wa Breslau kama mtoto aliyembeba ni mmoja wa hao. Jedwali liliujua umati, mtoto halikumjua.

Sasa turuke zaidi ya miaka 250, tufike karne ya ishirini. Wale wa umri wangu wanazikumbuka redio za valvu, zile taa ndogo za kioo zilizowaka ndani ya redio na kuipasha moto. Valvu ilikuwa na tabia ya kuungua bila taarifa. Redio ya sebuleni ikinyamaza, hasara ni taarifa ya habari. Lakini katika Vita vya Pili vya Dunia valvu hizo zilitiwa katika meli, ndege na rada, mamia kwa mamia katika chombo kimoja, na kila moja ilikuwa na uwezo wa kukinyamazisha chombo kizima. Majeshi yakajikuta yanabeba vipuri vingi na mafundi wengi, na bado vyombo vinakufa wakati vinapohitajiwa.

Mwaka 1952 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliunda kamati ya wataalamu kulishughulikia tatizo hilo, na mwaka 1957 kamati hiyo ikatoa ripoti yake, maarufu kwa jina la ripoti ya AGREE. Ilisema kwamba uimara wa chombo usielezwe kwa maneno matamu ya muuzaji. Uandikwe kwa namba, na namba ipimwe kabla chombo hakijapokelewa. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kikatoka kitabu cha jeshi la Marekani kilichojulikana kama MIL-HDBK-217, kikifundisha namna ya kuhesabu: orodhesha kila sehemu ya chombo, andika kadirio la kufa kwake, kisha jumlisha. Kitabu hicho kilirekebishwa mara nyingi hadi mwaka 1995, na kizazi kizima cha wahandisi duniani kilijifunza kwacho.

Wahandisi hao walipenda kuchora picha yenye umbo la beseni. Ukingo wa kushoto uko juu: hao ni vyombo vinavyokufa vichanga kwa kasoro za kiwandani. Katikati ni chini, pametandazwa: huo ni ujana, ambapo kifo huja mara chache na kwa bahati mbaya tu. Ukingo wa kulia unapanda tena: huo ni uzee na uchakavu. Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo palipofichwa siri ya miaka 171. Namba ya MTBF huhesabiwa kwenye sakafu ya beseni. Inavipima vyombo wakati wa ujana wao, kana kwamba ujana huo hautakwisha.

Hebu tuchukue mfano wa watu. Tuseme tuna vijana 1,000 wenye afya, na katika mwaka mmoja akafa mmoja. Kwa pamoja vijana hao wameishi miaka 1,000, na kifo ni kimoja. Kwa lugha ya karatasi za diski, kijana huyu ana MTBF ya miaka 1,000. Je, yupo kijana atakayeishi miaka 1,000? La hasha. Namba ni sahihi, lakini haisemi mtu ataishi muda gani. Inasema katika kundi la vijana wa aina hiyo vifo vitatokea kwa kiasi gani kwa mwaka, basi.

Kiwandani mambo ni hayo hayo. Hakuna aliyekaa miaka 171 akiitazama diski moja. Huchukuliwa diski, tuseme 1,000, zikatiwa joto na kazi nzito kwa saa 1,000, ambazo hazifiki siku 42. Hapo tayari zimepatikana saa milioni moja za kazi. Huhesabiwa zilizokufa, hurekebishwa kwa ajili ya joto, na namba kubwa huandikwa kwenye karatasi. Ukitaka kuirudisha namba hiyo katika lugha ya mtaani, fanya hivi: gawanya saa 8,760 kwa saa 1,500,000. Utapata takriban 0.58 kwa kila 100. Yaani ukiwa na diski 1,000 zinazofanya kazi mchana na usiku, tarajia 6 hivi zife kila mwaka. Hiyo ndiyo habari iliyokuwamo katika karatasi ya Mwalimu. Haikusema miaka 171. Ilisema 6 katika 1,000, na haikusema ni zipi.

Na je, hata hizo 6 ni kweli? Mwaka 2007 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walitoa utafiti uliowashtua wengi. Walikusanya kumbukumbu za diski zipatazo 100,000, zile za zamani zinazozunguka, katika vituo vikubwa vya kompyuta. Karatasi zilidai saa 1,000,000 hadi 1,500,000, maana yake diski zinazokufa kwa mwaka zisizidi 0.88 katika kila 100. Daftari za mafundi zilisema vingine. Kubadilisha 2 hadi 4 katika kila 100 kwa mwaka lilikuwa jambo la kawaida, na mahali pengine zilifika 13. Tena ile sakafu tambarare ya beseni haikuonekana. Diski zilizeeka mapema, mwaka hadi mwaka. Ni haki kusema kwamba wenye viwanda nao walikuwa na hoja, kwa kuwa diski iliyorudishwa kama mbovu wakati mwingine hupimwa ikaonekana nzima. Lakini kwa mwenye duka lake la mahesabu, diski iliyomgomea ni maiti tu.

Wakati huo diski za chipu zilikuwa zinaanza kuingia sokoni kwa kishindo. Nazo zina historia yake. Mwaka 1967 Dawon Kahng na Simon Sze, katika maabara za Bell huko Marekani, walionyesha namna ya kunasa umeme kidogo ndani ya transista ukae humo hata mkondo ukikatwa. Mwaka 1984 Mjapani Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alitangaza chipu inayofutwa kwa mkupuo mmoja, na kwa sababu ya wepesi huo ikapewa jina la flashi, kama mwako wa kamera. Mwaka 1987 ikafuata ile aina iitwayo NAND, ambayo leo imo katika simu zetu, kadi za kamera, na diski iliyotuliza.

Jinsi inavyofanya kazi, fikirini mtungi wa udongo. Kila kijumba katika chipu ni mtungi mdogo mno. Kuandika ni kuusukuma umeme upenye ukuta wa mtungi ukae ndani. Kufuta ni kuutoa. Kila ukipenyezwa, ukuta unaumia kidogo. Baada ya kuumia mara nyingi, mtungi huanza kuvuja. Mitungi ya mwanzo ilisomwa kwa njia rahisi, umejaa au mtupu, na ile bora iliweza kuvumilia kuandikwa hata mara 100,000. Lakini watu walitaka nafasi kubwa kwa bei ndogo, basi mtungi ule ule ukaanza kusomwa kwa viwango 4, kisha 8, kisha 16. Tone likipungua kidogo, kiwango kimesomwa vibaya. Ndiyo maana uvumilivu umeshuka hadi maelfu machache, na katika aina ya viwango 16 ni kiasi cha mara 1,000 hivi.

Kwa hiyo diski hizi zilihitaji namba nyingine, na mwaka 2010 shirika la viwango liitwalo JEDEC liliziwekea utaratibu. Hapo ndipo zilipopata nguvu herufi TBW, yaani ni terabaiti ngapi unaweza kuiandikia diski kabla haijahesabiwa kuwa imechoka. Namba hii ni kama kilomita za tairi. Mfano, diski moja yenye nafasi ya terabaiti 1 yaweza kupewa TBW ya 600. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kwa siku, ambazo ni nyingi kwa ofisi ndogo, hutumia kama terabaiti 7.3 kwa mwaka. Itamchukua miaka 82 kuimaliza. Ni dhahiri basi kwamba diski ya chama chetu haikufa kwa kuandikwa sana. Tairi lilikuwa jipya. Kilichokufa ni gari.

Utaratibu huo wa 2010 una jambo linalotuhusu sisi watu wa pwani. Diski ya matumizi ya kawaida, ikishafikia mwisho wa TBW yake na kuzimwa, inatakiwa ihifadhi habari kwa mwaka mmoja katika nyuzi joto 30. Diski ya seva inatakiwa miezi 3 katika nyuzi 40. Mwaka 2015 habari hizo zilivumishwa vibaya, watu wakaambiwa kwamba diski yoyote ikizimwa wiki moja itasahau kila kitu. Si kweli, hesabu ile ilikuwa ya diski iliyochoka na iliyo katika joto kali. Lakini kiini chake ni cha kweli: joto huharakisha kuvuja kwa mtungi. Anayefungia nakala yake katika kabati la stoo yenye paa la bati na kuisahau miaka, asidhani ameiweka benki.

Mwaka 2016 yule yule Bianca Schroeder, pamoja na wenzake wa kampuni ya Google, walitoa matokeo ya miaka 6 ya diski za chipu katika vituo vya kampuni hiyo. Habari njema ilikuwa kwamba hufa kabisa mara chache kuliko zile zinazozunguka: katika miaka 4 zilibadilishwa 4 hadi 10 katika kila 100. Habari mbaya ilikuwa kwamba, kwa kutegemea aina, 20 hadi 63 katika kila 100 zilipatwa angalau mara moja na kosa lisilorekebishika, yaani kipande cha habari kilipotea. Tena umri wenyewe ulikuwa na madhara, mbali na wingi wa kuandika, na zile za aina ya gharama kubwa hazikuonekana kuwa imara zaidi kuliko za bei nafuu.

Kisha, Novemba 2019, kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatahadharisha wateja wake kuhusu baadhi ya diski zake za SSD. Programu iliyomo ndani yake ilikuwa na kosa, na diski ikitimiza saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, ingekufa, na habari zake zisingeokolewa. Kwa wanaojua hesabu za kompyuta, namba hiyo ni 2 zipatazo 15 zilizozidishwa pamoja. Fikirini mtu mwangalifu aliyenunua diski mbili siku moja, moja ikiwa nakala ya mwenzake, akaziwasha saa moja. Zingezimika saa moja. Hesabu za MTBF hudhani kwamba kila diski hufa kifo chake. Haziwezi kuona ajali iliyopandwa kiwandani katika zote.

Ndugu wasikilizaji, nimewachosha kwa namba, lakini funzo lake ni fupi. MTBF inamsaidia mwenye diski 10,000, kwa kuwa yeye ndiye umati. Anajua anunue vipuri vingapi. TBW inamsaidia anayeandika sana, ajue tairi litakwisha lini. Na waranti? Waranti inaeleza kampuni iko tayari kupoteza kiasi gani. Mwalimu alirudisha diski yetu dukani, na kwa haki kabisa, bila ubishi, wakampa nyingine. Ilikuwa mpya, safi, na tupu.

Ilituchukua Jumamosi 9 kuijaza. Tulikutana katika darasa la shule ya jirani, kila mwanachama na kitabu chake cha akiba na stakabadhi alizotunza. Wengi walikuwa nazo. Alikuwapo bibi mmoja muuza vitumbua ambaye hakuwa na chochote.

"Bibi, kitabu kiko wapi?" Mwalimu alimwuliza.

"Mwalimu, kitabu kilikwenda na mafuriko. Si ulisema hesabu ziko kwenye mashine?"

Mwalimu hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kuandika. Wanachama watatu waliokuwa wakileta fedha siku moja na bibi yule walisimama wakamshuhudia kadiri walivyokumbuka, na kiasi chake kikaandikwa kwa penseli. Mpaka leo kimeandikwa kwa penseli.

Siku hizi hesabu zetu zina nakala tatu. Mbili ziko katika diski za watengenezaji tofauti, zilizonunuliwa miezi tofauti, na moja wapo hulala nyumbani kwa katibu, mbali na ofisi. Kila mwisho wa mwezi Mwalimu hufungua nakala mbele yetu tuone kwamba inasomeka, maana nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Ya tatu ni kaunta buku, imerudi mezani. Na ile karatasi yenye saa 1,500,000 ameibandika ukutani. Chini yake ameandika kwa mwandiko wake mzuri: kati ya 1,000, kila mwaka 6.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Wastani ni nyota ya wenzio wengi kwa pamoja, na kwa kila mmoja wetu anayetoka baharini na chombo kimoja tu, afadhali awe na ngalawa ya akiba. Kwa leo naishia hapo.